MADA YA 7: MWANGA, JICHO NA DASHIBODI YA GARI

Malengo ya mada

Baada ya kupitia mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kosa la paralaksi na kulikokotoa;
(b) kueleza kwa nini maandishi ya dashibodi hufifia juani na huumiza macho usiku;
(c) kukokotoa volteji ya sakiti inayorekebisha mwangaza wa dashibodi;
(d) kueleza jinsi taswira isiyo halisi inavyotumika kumwonyesha dereva mwendo wa gari.

7.1 Utangulizi

Spidomita ni kifaa cha kupimia, kama ilivyo rula, ametari au silinda ya kupimia ujazo. Usomaji wake hutegemea mambo matatu: kifaa chenyewe, mahali jicho lilipo, na mwanga uliopo. Watahiniwa wengi hueleza jambo la kwanza na kuyasahau mawili yanayofuata.

Fikiria dereva anayeishi Kinyerezi, magharibi ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Asubuhi anakwenda mjini kupitia Segerea na Tabata. Kwa ujumla anaelekea mashariki, na jua liko chini mbele yake. Jioni anarudi akielekea magharibi, na jua nalo limehamia huko huko. Akichelewa kurudi, anaingia mtaani gizani. Kwa siku moja macho yake yamesoma dashibodi ile ile katika mianga mitatu tofauti.

Katika maeneo yenye makazi, mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Tanzania ni kilometa 50 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na:

50 × 1000 ÷ 3600 = mita 13.9 kwa sekunde

Dereva akitumia sekunde 2 kutafuta namba isiyoonekana vizuri, gari limekwenda mita 27.8 bila yeye kutazama barabara. Umbali huo unatosha kupita kivuko cha watoto wa shule na kukiacha nyuma. Kwa hiyo dashibodi nzuri ni ile inayosomeka kwa kutupa jicho mara moja.

7.2 Mahali jicho lilipo: kosa la paralaksi

Paralaksi ni kuonekana kama kitu kimehama kwa sababu mtazamaji amehama. Katika spidomita ya mshale, mshale hauligusi bamba la namba. Kuna nafasi ndogo kati yake na bamba. Anayetazama kutoka mbele kabisa huuona mshale juu ya namba sahihi. Anayetazama kutoka pembeni huuona juu ya namba nyingine.

Ukubwa wa kosa hupatikana hivi:

kosa = nafasi kati ya mshale na bamba × tanjenti ya pembe ya kutazamia

Pembe hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa bamba.

Mfano wa 1. Basi dogo liko barabara ya Morogoro, nje ya mji. Spidomita yake ina namba 0 hadi 160, na mshale umesimama wima juu ya 80. Mshale uko milimita 4 mbele ya bamba. Katika sehemu hiyo ya bamba, milimita 8 ni sawa na kilometa 10 kwa saa. Abiria wa siti ya mbele kushoto anatazama kwa pembe ya digrii 45. Atasoma mwendo gani?

*Jibu:* Mhamo = 4 × tan 45° = 4 × 1 = milimita 4.
Milimita 4 ni sawa na (4 ÷ 8) × 10 = kilometa 5 kwa saa.
Abiria yuko kushoto, hivyo mshale huonekana umesogea kulia, upande wa namba kubwa. Atasoma kilometa 85 kwa saa.

Basi kubwa haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Kama hili lingekuwa basi kubwa, abiria angemlaumu dereva kwa kuvunja sheria, na dereva angekana, ilhali kila mmoja anasema alichokiona. Aliyekaa mbele ya kifaa ndiye mwenye usomaji sahihi.

Spidomita iliyo katikati. Baadhi ya magari yaliyozoeleka katika barabara zetu, kama Toyota Vitz ya toleo la kwanza (1999), yana spidomita katikati ya dashibodi. Usukani uko kulia, kwa hiyo dereva huitazama kutoka kulia. Kama ingekuwa spidomita ya mshale yenye bamba lililonyooka kuelekea nyuma ya gari, mshale ungeonekana umesogea kushoto na dereva angesoma mwendo *mdogo* kuliko ule halisi. Kosa la aina hiyo ni la hatari zaidi, maana humfanya dereva aongeze mwendo akidhani yuko ndani ya sheria. Watengenezaji huliepuka kwa njia mbili:

1. kugeuza bamba limwelekee dereva, ili pembe ya kutazamia ikaribie sifuri;
2. kutumia namba za kidijitali, ambazo hazina mshale wala nafasi, hivyo hazina paralaksi.

Magari ya kisasa zaidi yana njia ya tatu. Mercedes-Benz S-Class iliyotoka mwaka 2020 inaweza kuwekewa skrini yenye kamera zinazofuatilia macho ya dereva. Kompyuta hutambua macho yalipo, kisha hupeleka kwa kila jicho picha yake tofauti kidogo, na dereva huona kina bila kuvaa miwani maalumu. Dereva akisogeza kichwa, picha nayo hurekebishwa.

7.3 Mwanga uliopo: utofauti wa mwangaza

Jua la mchana hutoa takribani luksi 100,000 juu ya ardhi. Mbalamwezi haifiki hata luksi 1. Mboni ya jicho hupanuka kutoka kipenyo cha milimita 2 hivi juani hadi milimita 7 hivi gizani. Eneo lake huongezeka mara (7 ÷ 2)² = 12.25 tu. Kazi iliyobaki hufanywa na retina, nayo huhitaji dakika nyingi kuzoea giza. Gari halimsubiri dereva azoee. Ndiyo maana dashibodi yenyewe inapaswa kubadilika.

Tofautisha hali hizi tatu:

| Hali | Kinachotokea | Kinachohitajika |
|---|---|---|
| Jua liko mbele | Mboni husinyaa. Dashibodi iliyo kivulini huonekana nyeusi | Kuongeza mwangaza wa namba |
| Jua liko nyuma | Mwanga huingia kwa kioo cha nyuma na kuakisiwa na uso wa dashibodi | Kupunguza uakisi: kivuli, kioo kisichong'aa |
| Usiku | Mboni imepanuka. Namba zenye mwanga mkali huumiza macho | Kupunguza mwangaza wa namba |

Jicho husoma namba kwa *utofauti* kati ya mwangaza wa namba na mwangaza wa usuli wake:

utofauti = (mwangaza wa namba + uakisi) ÷ (mwangaza wa usuli + uakisi)

Mfano wa 2. Namba za skrini zina mwangaza wa kandela 400 kwa mita mraba, na usuli wake 2. Jua likiwa nyuma, uakisi huongeza 398 kila mahali. Tafuta utofauti (i) bila uakisi, (ii) pamoja na uakisi, (iii) mwangaza wa namba ukiongezwa hadi 1000, (iv) namba zikibaki 400 lakini kivuli kikipunguza uakisi hadi 98.

*Jibu:*
(i) 400 ÷ 2 = 200
(ii) (400 + 398) ÷ (2 + 398) = 798 ÷ 400 = 2.0
(iii) (1000 + 398) ÷ 400 = 3.5
(iv) (400 + 98) ÷ (2 + 98) = 498 ÷ 100 = 5.0

Linganisha (iii) na (iv). Kivuli kimesaidia kuliko kuongeza mwangaza mara mbili na nusu, tena bila kutumia umeme wowote. Hii ndiyo kazi ya ile paa ndogo inayotokeza juu ya spidomita. Fundi anayeikata ili abandike skrini kubwa ameondoa sehemu muhimu ya kifaa.

7.4 Sakiti inayorekebisha mwangaza

Katika magari mengi ya zamani, dereva akiwasha taa kubwa, dashibodi hupunguza mwangaza wake. Njia hii ina kasoro: gari halijui kama ni usiku, linajua tu kwamba swichi imewashwa. Anayewasha taa mchana kwa sababu ya mvua kubwa huona namba zikififia wakati anazihitaji.

Suluhisho ni kihisi cha mwanga. Magari hutumia zaidi fotodiodi. Darasani tunatumia LDR, yaani kikinza ambacho ukinzani wake *hupungua* mwanga unapoongezeka.

Mfano wa 3. LDR imeunganishwa mfululizo na kikinza cha kilo-omu 10 kwenye volti 5. Juani LDR ina kilo-omu 1. Gizani ina kilo-omu 90. Tafuta volteji katika kikinza cha kilo-omu 10 kwa kila hali.

*Jibu:*
Juani: V = 5 × 10 ÷ (10 + 1) = volti 4.55
Gizani: V = 5 × 10 ÷ (10 + 90) = volti 0.5

Volteji hii hupelekwa kwenye kompyuta ya dashibodi. Volteji kubwa huamuru mwangaza mkubwa, na ndogo huamuru mwangaza mdogo. Kanuni hiyo hiyo hufanya skrini ya simu ing'ae zaidi ukitoka nayo nje.

7.5 Namba zinazoelea mbele ya kioo

Mwaka 1988 General Motors ya Marekani na Nissan ya Japan ziliweka katika magari teknolojia iliyotoka kwenye ndege za kivita: kuakisi namba za mwendo kwenye kioo cha mbele. Dereva huona taswira isiyo halisi upande wa pili wa kioo, kwa kanuni ile ile ya kioo bapa. Kioo mbonyeo kilichofichwa ndani ya dashibodi huikuza taswira na kuisogeza mbali zaidi, hivyo jicho halilazimiki kubadilisha sana fokasi kutoka barabarani.

Mwali ulioakisiwa hufuata pembe moja tu. Dereva mrefu na dereva mfupi wakibadilishana gari, mmoja anaweza asione kitu. Kwa sababu hiyo kuna kitufe cha kuinua au kushusha kioo cha ndani ili mwali ufike machoni.

7.6 Jaribio rahisi

*Vifaa:* rula, njiti ya kiberiti, vizibo viwili vya soda.
*Hatua:* Laza rula mezani. Weka vizibo pande mbili za rula, kisha lala njiti juu yake ikatize rula kwenye sentimeta 10. Soma ukiwa juu kabisa, kisha kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Andika usomaji wa kila mara. Ondoa vizibo, njiti iguse rula, kisha rudia. Eleza tofauti.

7.7 Makosa ya kuepuka katika mtihani

- Kuandika kwamba paralaksi ni ubovu wa spidomita. Ni kosa la *usomaji*.
- Kuandika kwamba ukinzani wa LDR huongezeka juani. Hupungua.
- Kueleza kufifia kwa namba kwa neno "jua" pekee. Taja jua liko upande gani na utofauti umepungua vipi.
- Kusahau kizio cha jibu.

7.8 Maswali

1. Katika Mfano wa 1, abiria angekaa upande wa kulia kwa pembe ile ile, angesoma mwendo gani? (alama 3)
2. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi, wala isizidishe zaidi ya asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilometa 4 kwa saa. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, spidomita inaruhusiwa kuonyesha kati ya ngapi na ngapi? Kwa nini kosa linaruhusiwa upande mmoja tu? (alama 4)
3. Dereva anatoka Buguruni kwenda Kinyerezi saa 1 asubuhi. Jua liko upande gani wa gari, na litaathiri vipi usomaji wa skrini? (alama 4)
4. Katika Mfano wa 3, ukinzani wa LDR jioni ni kilo-omu 15. Tafuta volteji. (alama 2)

Majibu

1. Mshale huonekana umesogea kushoto milimita 4. Atasoma kilometa 75 kwa saa.
2. Kati ya 50 na 59 (50 + 5 + 4). Spidomita inayozidisha humfanya dereva apunguze mwendo. Inayopunguza humfanya aongeze na kuhatarisha watu.
3. Anaelekea magharibi, hivyo jua liko nyuma. Mwanga huingia kwa kioo cha nyuma, huakisiwa na uso wa skrini, na utofauti kati ya namba na usuli hupungua.
4. V = 5 × 10 ÷ (10 + 15) = volti 2.