Kibao cha "Mbwa Kali" Hakikuondolei Wajibu

Ukitoka kwenye barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru na kuingia kwenye vijia vya makazi hapa Timau, hutapita malango mengi kabla ya kukuta kibao chenye maneno mawili: MBWA KALI. Mwalimu wangu wa Kiswahili angekisahihisha kwa wino mwekundu kisomeke "mbwa mkali", lakini kibao kimekubalika nchi nzima na hakuna asiyejua kinasema nini. Kisichojulikana ni uzito wake mbele ya sheria. Wenye mbwa wengi tunaokutana nao kwenye mabaraza huamini kwamba wakishakitundika langoni, atakayeumwa amejitakia.

Sivyo ilivyo. Tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tuufuate hadi mwisho.

Ni saa kumi na mbili jioni. Msichana wa miaka tisa ametumwa na mama yake kwa jirani kuchukua maziwa, kama anavyofanya kila siku. Lango halijafungwa vizuri. Mbwa wa boma hilo kwa kawaida hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, lakini leo amefunguliwa mapema kwa sababu mwenye boma anasafiri. Anamuuma mtoto pajani. Kibao kipo. Mbwa hana cheti cha chanjo. Nani atawajibika, na kwa sheria gani?

Kabla ya sheria, jeraha

Jeraha la kuumwa na mbwa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, angalieni saa. Msipake mafuta ya taa, pilipili, majani wala grisi. Kisha mtoto apelekwe hospitalini jioni hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, aanze sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Sindano hizo hutolewa kwa awamu ndani ya wiki kadhaa, na hazina faida kamili mpaka zikamilike. Jeraha likiwa la kina, au likiwa usoni au kichwani, muulize daktari kuhusu dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe.

Mkifika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Timau mkaambiwa chanjo imeisha, msirudi nyumbani. Ombeni barua ya rufaa na muulize ni wapi ipo kwa sasa. Wakati mwingine jibu litakuwa Nanyuki, ambako ni karibu kuliko mjini Meru, ingawa mtakuwa mmevuka mpaka na kuingia Kaunti ya Laikipia. Virusi havijui mpaka wa kaunti.

Nasisitiza haya kwa sababu moja. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache tu. Katika kipindi hicho mtoto anacheza, anakwenda shule, na kidonda kimepona. Dalili zikishaonekana, hakuna tiba. Karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani kutokana na ugonjwa huu, karibu vyote vikiletwa na mbwa, na kwamba watu 40 kati ya kila 100 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Kenya, makadirio yanayotumiwa na wizara husika ni hadi vifo 2,000 kwa mwaka. Ugonjwa wenyewe si mgeni hapa: mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao nchini alipatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912.

Na yule mbwa? Hasira ya kwanza ya majirani huwa ni kumuua kwa rungu. Msifanye hivyo. Mbwa akiwa hai na amefungwa mahali salama, afisa wa mifugo humchunguza kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa akitoa virusi alipouma. Hilo ni jibu ambalo mama yule atalisubiri kwa hamu, ila sindano za mtoto zisingoje jibu hilo. Na ikiwa mbwa ameshauawa, kichwa kisipondwe wala kuzikwa kabla afisa hajafika, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara.

Sheria zinamtazama mwenye mbwa

Kenya haina sheria moja inayoitwa sheria ya mbwa. Wajibu umetawanyika katika sheria kadhaa, na labda ndiyo sababu wananchi wengi hudhani haupo.

Iliyo karibu zaidi na mfano wetu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243. Kinasema kuwa ni kosa la jinai kwa mtu kutochukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake, kwa namna inayohatarisha maisha au inayoweza kumdhuru mwingine. Soma tena: mnyama aliye mikononi mwake. Hakuna mahali panaposema mbwa wa aina fulani, wala panapouliza kama kibao kilikuwepo. Swali ni tahadhari. Lango lilifungwa? Mnyororo ulikuwa imara? Mtu aliyeachiwa boma alielezwa kwamba mtoto wa jirani huja jioni? Anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au vyote viwili.

Halafu kuna fidia, ambayo ni kesi ya madai na haihitaji mtu afungwe kwanza. Hapa ndipo kibao kinapochunguzwa. Sheria ya Wajibu wa Wenye Nyumba na Viwanja, Sura ya 34, inamtaka mwenye boma achukue uangalifu wa kutosha ili mgeni aliyeingia kwa ruhusa awe salama. Sheria hiyo inakubali kwamba onyo linaweza kumwokoa mwenye boma, lakini pale tu ambapo onyo lenyewe lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Inasema pia kwamba mwenye boma atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Sasa mrudie msichana wetu. Anakuja kila siku, na kila siku mbwa huwa amefungwa saa hiyo. Kibao hakikumwambia kwamba leo ni tofauti. Mwenye boma atakayesimama mahakamani akiwa na kibao pekee kama utetezi atakuwa na kazi ngumu. Hali ya mwizi aliyeruka ua usiku wa manane si sawa na ya mgeni, na sheria inalitambua hilo, lakini anayekuja kusoma mita ya maji, mhudumu wa afya wa kijamii na mtoto wa maziwa si wezi.

Wapo wanaosema mbwa hupewa nafasi moja: akiuma mara ya kwanza mwenyewe hana kosa, maana hakujua. Msemo huo una mizizi katika sheria ya zamani ya Kiingereza tuliyoirithi, ambayo humbana zaidi mwenye mbwa aliyejua tabia mbaya ya mnyama wake. Lakini uzembe ni dai linalojitegemea. Aliyeacha lango wazi huku mbwa amefunguliwa anaweza kudaiwa hata kama mbwa huyo hajawahi kumkwaruza mtu. Kwa aliyewahi kuonywa na jirani au chifu, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hawezi tena kusema hakujua. Muda wa kufungua dai ni miaka mitatu tangu tukio. Kwa hiyo mama wa mtoto aripoti polisi, apate nambari ya OB na fomu ya P3, na ahifadhi kila stakabadhi ya hospitali na nauli.

Huku kwetu mwathiriwa mara nyingi si mtu bali kondoo. Mbwa wawili watatu wanaoachwa wazurure usiku hujikusanya kuwa kundi, na asubuhi mfugaji anakuta mizoga. Lawama humwendea fisi, wakati mwingine kwa haki, wakati mwingine sivyo. Ikithibitika ni mbwa wa fulani, hasara ya mali isiyozidi shilingi milioni moja inaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Piga picha na umwite afisa wa mifugo kabla ya kuzika.

Kutega nyama yenye sumu si jibu. Sumu haichagui: itaua mbwa wa jirani asiye na hatia, fisi, na tai watakaoshukia mzoga, nasi tumepakana na hifadhi za Lewa na Borana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, pia inamlinda mbwa dhidi ya mateso, kipigo cha kikatili na kunyimwa chakula. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi juani mchana kutwa bila maji ndiye huyo huyo atakayemrukia mtoto jioni.

Je, kuna aina zilizopigwa marufuku?

Swali hili huulizwa sana tangu Rottweiler, Boerboel na Pit Bull waanze kuonekana kwenye maboma yetu. Sheria za taifa hazina orodha ya aina za mbwa zilizokatazwa. Uingereza inayo: sheria yao ya mwaka 1991 ilikataza aina nne, Pit Bull Terrier akiwemo, na mwisho wa mwaka 2023 wakaongeza XL Bully baada ya mashambulizi yaliyoua watu. Uholanzi ilijaribu njia hiyo pia. Ilikataza Pit Bull mwaka 1993, kisha mwaka 2008 serikali ikatangaza kuondoa marufuku baada ya kuona kwamba idadi ya wanaoumwa haikupungua.

Maoni yangu, na si msimamo rasmi wa ofisi, ni kwamba orodha isingetusaidia sana Buuri. Ni kweli mbwa mkubwa mwenye taya nzito huleta madhara makubwa zaidi akiuma, na anayemnunua kwa fahari bila ua wa kumzuia anatafuta kesi. Lakini mbwa wengi wa kwetu ni wa kienyeji, wakina Simba na Bosco ambao kila mtoto wa mtaa anawajua kwa jina, na kichaa cha mbwa hakiulizi ukoo.

Kazi ya kaunti na kazi yako

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti na kutunza wanyama, na imetaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Kabla ya hapo lilikuwa jukumu la mabaraza ya miji na wilaya. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya udhibiti wa mbwa mwaka 2015. Mwananchi ajue pia kwamba, chini ya kifungu cha 210 cha Katiba, hakuna ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria kuiruhusu. Ukidaiwa pesa za mbwa wako, uliza ni kifungu gani cha Sheria ya Fedha ya kaunti, na udai risiti rasmi. Hata afisa wa kaunti ukimuuliza hatakasirika, au hafai kukasirika.

Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo atoe taarifa mara moja na amtenge. Inawapa pia maafisa uwezo wa kuamuru chanjo katika eneo lililoathirika na kukamata mbwa wanaozurura. Mpango wa taifa wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa umelenga mwaka 2030. Hesabu yake ni rahisi: mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Jirani zetu wa Laikipia wamekuwa wakifanya kampeni za chanjo tangu 2015. Mwaka 2017 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliangamiza makundi ya mbwa mwitu huko huko, jambo linaloonyesha jinsi maradhi ya mbwa yanavyoweza kutikisa eneo zima.

Mlete mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Achomwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa chanjo iliyotunzwa kwenye baridi. Chupa iliyobebwa mfukoni juani, hata ikiuzwa kwa bei nafuu, ni maji tu. Mbwa aje na kamba, na aletwe na mtu mzima anayemjua. Mara nyingi watoto ndio hutumwa, nasi humaliza siku tukimfunga bandeji yule aliyemleta.

Dai cheti chenye tarehe na saini, na ukiweke pamoja na hati za nyumbani. Siku mbwa wako akimuuma mtu, hicho ndicho kitu cha kwanza atakachokuomba daktari wa mtoto, kisha afisa wa mifugo, kisha polisi. Ofisi ya mifugo ya Buuri Mashariki hapa Timau hupokea taarifa za mbwa wanaoshukiwa siku za kazi. Usiku na wikendi mwone chifu au naibu wake, au fika kituo cha polisi.