Kujaribu Kitambaa cha Bei Nafuu Kabla ya Kushona Hema

Mlaji anayekusudia kujishonea hema, au kumpelekea fundi cherehani kitambaa amshonee, hukutana na onyesho lile lile karibu kila duka. Muuzaji hutandika kitambaa kiganjani, hukinyunyizia maji kidogo, na matone hubiringika na kudondoka kama juu ya jani la gimbi. Mteja huridhika, hulipa na kuondoka. Usiku wa kwanza wa mvua za masika katika milima ya Usambara, kitambaa hicho hicho huvuja. Aliyelowa hupoteza joto la mwili upesi, na kwenye baridi ya milimani jambo hilo laweza kuhatarisha maisha, hasa ya watoto waliopelekwa kambini.

Onyesho la dukani si la uongo, ila hujibu swali jingine. Huonyesha kwamba uso wa kitambaa umetiwa dawa ya kufukuza maji, na dawa hiyo hupungua kwa kufuliwa, kwa vumbi na kwa msuguano. Kinachozuia maji kupenya ni utando, yaani tabaka jembamba la poliyurethane au silikoni lililopakwa juu ya nailoni au poliesta. Kitambaa chaweza kuwa na dawa bila utando. Chaweza pia kuwa na utando madhubuti ilhali uso wake unalowa, na mteja akakikataa bure.

Jaribio la kwanza ni la pumzi. Kaza kipande safi cha kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, utando haupo au haufai, na hakuna haja ya kuendelea. Isipopita, nunua nusu mita tu kwanza. Muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike, kwa kuwa hasara ya nusu mita si sawa na hasara ya mita kumi na ujira wa fundi.

Kata vipande viwili. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kifue kwa mkono mara tatu, kianike kivulini, kisha kifinyange mara hamsini kama mtu anayekisokomeza mkobani. Kipande hiki cha pili ndicho kitakachokuambia ukweli, kwani hema halibaki jipya.

Katika maabara, kitambaa hubanwa na kusukumwa na maji kwa shinikizo linaloongezeka, na kipimo husomwa maji yanapojitokeza mahali pa tatu. Huo ndio utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 811, na matokeo yake huweza kuandikwa kwa milimita za kimo cha maji. Nyumbani, bomba la plastiki la mita 1.5 hivi, lenye upana wa inchi moja na nusu, hutoa jibu la kutosha. Funika mdomo wake mmoja kwa kitambaa, upande utakaopigwa na mvua ukielekea ndani ya bomba. Zungushia ukanda wa mpira wa baiskeli, kisha kaza kwa kibano cha chuma. Simamisha bomba, mdomo uliofungwa ukiwa chini lakini haugusi sakafu, na mimina maji taratibu. Usihofu kwamba bomba ni jembamba: kinachosukuma kitambaa ni kimo cha maji, si wingi wake.

Maji yakifika milimita 1000, subiri dakika tano, kisha gusa kitambaa kwa karatasi ya shashi. Kikiwa kikavu, jaza hadi 1500. Unyevu ukionekana pembezoni tu, penye kibano, kosa ni la kufunga, rudia. Kwa maoni yetu, kitambaa kinachohimili 1000 baada ya kufuliwa chafaa kwa paa la hema la matembezi ya kawaida. Kilichohimili kikiwa kipya na kushindwa baada ya kufuliwa, kishonee mfuko wa nguo.

Sakafu ni habari nyingine. Mtu wa kilo 60 akipiga magoti, na magoti yake yakigusa chini kwa sentimita za mraba 100, shinikizo lake ni sawa na kimo cha maji cha milimita 6000. Vitambaa vingi vya bei nafuu haviwezi hilo, na bomba letu halifiki huko. Tumia turubai zito la plastiki kwa sakafu, wala usibishane na hesabu.

Kitambaa kizuri hushindwa pia kwenye mshono, kwa kuwa kila pigo la sindano ni tundu. Mwambie fundi ashone kipande cha majaribio kwa mshono wa kukunja mara mbili, ukipake gundi ya kuzibia, kisha ukipitishe kwenye bomba. Utando wa silikoni hushikana na gundi ya silikoni tu, nyingine hubanduka.

Maji yakionekana ndani ya hema asubuhi baada ya usiku usio na mvua, huo ni mvuke wa pumzi za waliolala, si uvujaji. Acha matundu ya hewa. Kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya hema kwa ajili ya joto, hata kama matundu yako wazi: gesi yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwisho, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti maneno "hakipitishi maji", si "kitambaa" peke yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na neno lililoandikwa ni rahisi kulithibitisha kuliko lililosemwa kaunta. Hifadhi risiti hiyo pamoja na kipande ulichokijaribu, kikiwa kimeandikwa tarehe.