Madhara Huondolewa: Somo katika Fikira za Vijana za Kuitengeneza Nchi na Bahari

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Yapasa ijulikane ya kuwa uharibifu ulioenea katika ardhi na bahari haukushuka wenyewe kutoka mbinguni. Ni kazi ya mikono ya wanaadamu, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Rum, aya ya 41. Miti hukatwa pasipo kupandwa mingine, mito hutiwa uchafu, na plastiki hutupwa pwani hata mvuvi akivuta wavu wake hupata mifuko pamoja na samaki. Na kila mtu huyaona haya, lakini wachache ndio wanaouliza: Je, dawa yake ni ipi?

Zamani hizi wengi wa wanaouliza suali hilo ni vijana. Na dasturi ya wazee wengi, wakisikia kijana amesimama na fikira, humwambia: "Wewe jana tu ulikuwa ukicheza mchangani, leo utatufunza?" Neno hili lina madhara mawili. La kwanza, humvunja kijana moyo. La pili, huwanyima watu dawa ambayo huenda imo mkononi mwake. Lakini upande wa pili wako vijana wadhanio ya kuwa kila fikira iliyo mpya ni njema kwa sababu ya upya wake. Hao nao wamekosea. Somo hili laeleza mizani ya kuwapimia wote wawili.

Kijana katika baraza la wazee

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa akimwingiza Ibn Abbas, naye ni kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badr. Baadhi yao wakaona vibaya, wakasema ya kuwa nao wanao watoto wa umri wake. Umar hakubishana nao. Aliwauliza wote maana ya Sura ya Nasr, na Ibn Abbas akatoa jawabu ambayo wengine hawakuitoa. Basi zingatia: Umar hakumkaribisha kwa kuwa ni kijana, wala hakumzuia kwa kuwa ni kijana. Alimpima kwa elimu yake.

Mizani yenyewe

Imam Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra (1505), katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair, ameeleza kaida tano zinazorejewa na mas'ala mengi ya fikihi katika madhehebu ya Imam Shafi. Moja katika hizo ni ya kuwa madhara huondolewa. Kaida hii ina matawi yake, na ziko na nyingine zinazokwenda pamoja nayo. Hapa zitatajwa nne, na kila moja na mfano wake katika kazi za vijana wa zama hizi.

La kwanza: madhara huondolewa

Kusini ya Nairobi, upande wa Kitengela, mbuga ya wanyama haina ua, ili wanyama wapate kupita. Simba nao hupita, wakaingia usiku katika mazizi ya Wamasai na kuua ng'ombe. Mwenye ng'ombe naye hulipiza kwa mkuki. Mwezi wa Juni 2012 simba 6 waliuawa huko kwa siku moja. Hapo pana madhara mawili yanayogongana: mali ya mtu inaangamia, na viumbe wanakwisha.

Kijana mmoja wa Kimasai, Richard Turere, alipewa na babake kazi ya kuchunga ng'ombe. Kwanza alijaribu kuwasha moto, akaona moto unawasaidia simba kuona zizini. Kisha akaweka sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakarudi nyuma, lakini baadaye wakatambua ya kuwa kitu kile hakiondoki mahali pake, wakaingia. Usiku mmoja alizunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Akafahamu ya kuwa simba huogopa mwanga unaotembea.

Naye alikuwa na umri wa miaka 11. Akachukua betri kuukuu ya motokaa, kibao cha kupokea nguvu za jua cha kuitia moto, kidude cha pikipiki cha kumwekesha taa, na globu za tochi zilizovunjika. Akazitundika taa kulizunguka zizi zikiangalia nje, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu. Simba akiziona hudhani mtu anazunguka na tochi, na mwenye taa amelala kitandani mwake. Majirani wakamwomba nao awafanyie. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza khabari yake mbele ya wataalamu.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, madhara ya ng'ombe yaliondolewa bila ya kuua simba. Pili, hakuipata dawa mara ya kwanza. Moto haukufaa, sanamu haikufaa, na kila kosa lilimfunza jambo. Laiti mtu angemcheka siku ya sanamu, siku ya taa isingalifika.

La pili: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake

Mara nyingi vijana wa mtaa au wanafunzi wa chuo hukusanyika siku ya mapumziko, wakafagia uwanja, wakakusanya plastiki chungu nzima, kisha wakaitia moto. Uwanja huwa safi. Lakini moshi wake una sumu, huingia katika vifua vya watoto na wagonjwa waliomo majumbani. Basi uchafu haukuondoka, ila umehama kutoka ardhini ukaingia katika pumzi za watu. Nia yao ni njema na ujira uko kwa Mola wao, lakini nia njema haigeuzi moshi kuwa hewa safi.

Tazama sasa njia nyingine. Nzambi Matee, mwanamke kijana wa Nairobi aliyesoma elimu ya vitu na tabia zake, aliacha kazi yake mwaka 2017, akajaribu uani kwa mamake kuchanganya plastiki na mchanga. Majirani walilalamika kwa kelele za mashine. Akaendelea mpaka akapata matofali ya kutandika njiani na viwanjani. Plastiki husagwa, huchanganywa na mchanga, hutiwa joto la kuyeyusha, kisha hushindiliwa kwa mashine. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya vijana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira.

Na jambo la kuangalia zaidi ni hili: hatumii kila plastiki. Hutumia aina ya madumu ya maziwa, ya mifuko, na ya ndoo na kamba. Ama chupa za maji ya kunywa, hizo ni za aina nyingine, naye haziingizi. Kuyeyusha si kuchoma, na plastiki si jinsi moja. Asiyejua tofauti hiyo akamwiga kwa kuona tu, huenda akaleta madhara aliyotaka kuyaondoa.

La tatu: kuzuia kuna nguvu kuliko kuondoa

Kaida hii pia imo katika kitabu cha Suyuti, na mfano wake wanafunzi wa fikihi wanaujua. Maji yakiwa kulateni tangu mwanzo, hayawi mustaamal kwa kutumiwa. Lakini maji machache yaliyokwisha tumiwa, yakikusanywa hata yakafika kulateni, wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake. Kulizuia jambo lisitukie ni kwepesi kuliko kuliondoa likisha kukaa.

Boyan Slat, kijana wa Uholanzi, alipokuwa na miaka 16 alizamia bahari ya Uyunani, akaona mifuko mingi kuliko samaki. Mwaka 2013, naye ana miaka 18, aliunda jumuiya iitwayo The Ocean Cleanup, ya kukusanya plastiki inayoelea baharini baina ya Hawaii na California. Septemba 2018 walivuta kutoka San Francisco boya refu la mita 600. Halikufaa. Plastiki iliingia ikatoka, na mwisho wa mwaka boya likakatika kipande, likarudishwa. Wakalitengeneza tena, na mwaka 2019 likaweza kushika plastiki. Tena wataalamu wa bahari wakauliza: Je, viumbe vidogo vinavyoishi juu ya maji havitakusanywa pamoja na taka? Suali hili si husuda. Ni ile kaida ya pili.

Mwaka 2019 jumuiya hiyo ilionyesha pia vyombo vya kushika taka katika mito kabla hazijafika baharini. Na utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria ya kuwa mito zaidi ya 1000 ndiyo ipelekayo asilimia 80 ya plastiki inayoingia baharini kwa njia ya mito. Basi mwenye kupiga deki chumba na mfereji ungali wazi, kazi yake haina mwisho. Hufunga mfereji kwanza, kisha hupiga deki.

La nne: kazi ya mwenye mamlaka ni maslaha ya raia

Yako madhara asiyoweza kijana kuyaondoa kwa mikono yake, kwa kuwa yamo katika biashara ya watu wote. Katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, dada wawili, Melati na Isabel Wijsen, mwaka 2013 walipokuwa na miaka 12 na 10, walianza kuwaita watu waache mifuko ya plastiki. Walisafisha pwani, wakaona kila wakisafisha taka zinarudi. Wakakusanya sahihi za watu, hata katika uwanja wa ndege, na wakaifikisha haja yao kwa mtawala wa jimbo. Amri ya kukataza mifuko hiyo ilitolewa Desemba 2018, ikatendeka mwaka 2019. Walisubiri zaidi ya miaka 5.

Na katika nchi za Waswahili amri kama hiyo inajulikana. Unguja na Pemba mifuko ya plastiki ilikatazwa mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini amri peke yake haitoshi ikiwa muuzaji huficha mfuko chini ya meza na mnunuzi huuomba. Na katika Sahihi ya Bukhari umo mfano wa watu waliogawana chombo. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wachote maji wasiwaudhi wa juu. Wakiachwa, huzama wote. Wakizuiliwa, huokoka wote. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa mfano huu.

Wajibu wa kila mmoja

Mzee na mwalimu, ikiwajia fikira ya kijana, wasiikubali kwa kumpendeza wala wasiikatae kwa kumdharau. Wamuulize masuali manne: Ni madhara gani utakayoyaondoa? Je, dawa yako haina madhara mfano wake? Asili ya madhara iko wapi? Nani lazima asaidie? Akijibu, apewe nafasi ya kujaribu kwa udogo. Asipojibu, afunzwe, asifukuzwe.

Na kijana naye aanze na kilicho karibu. Katika kila chuo mna birika au mifereji ya kutawadhia. Imepokewa kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa maji kiasi cha mudi moja, nayo ni chini ya lita 1. Basi mwanafunzi atie ndoo chini ya mfereji, atawadhe kama ada yake, kisha ayapime maji yaliyoanguka. Azidishe kwa hesabu ya wanafunzi wote na kwa nyakati za sala. Hesabu itakayotoka itamfunza israfu ni nini kuliko waadhi mrefu. Kisha alete fikira yake: kuufunga mfereji baina ya kiungo na kiungo, kutumia kopo, au kuyapeleka maji yaliyotumika kwenye shina la mnazi. Na katika hizo aipime kila moja kwa mizani iliyotajwa.

Kwani nchi haiharibiki kwa siku moja wala haitengenezwi kwa siku moja. Aliyepanda mti akala ndege katika matunda yake, hiyo ni sadaka yake. Na aliyemkatisha tamaa mpandaji naye atazame ameandikiwa nini.

Masuali ya wanafunzi

1. Kwa nini moto na sanamu havikufaa kuwazuia simba, na taa zikafaa?
2. Kuna tofauti gani baina ya kuchoma plastiki na kuiyeyusha? Rejesha jawabu yako kwenye kaida yake.
3. Eleza mfano wa maji ya kulateni, kisha eleza namna unavyolingana na taka za mito na bahari.
4. Taja madhara moja ya mtaani kwenu. Je, huondolewa kwa mikono ya vijana peke yao, au lazima mwenye mamlaka asaidie?
5. Pima maji unayotawadhia kwa siku moja, uandike hesabu yake.

Wallahu aalam, wabillahi ttaufiq.