Kufundisha Uunganishaji wa Kinanda na Kompyuta

Mwanafunzi wa Gehandu aliyezoea kinanda cha kwaya huweza kudhani kuwa MIDI hupitisha sauti. Dhana hiyo iondolewe kabla ya kuwasha kompyuta. Mfumo huu, uliotokea mwaka 1983, hupeleka amri tu: noti ipi ianze, kwa nguvu gani, iishe lini. Mwanafunzi mmoja ataje noti bila kuimba, mwenziwe aziimbe. Maneno ya mtajaji ndiyo MIDI, mwimbaji ndiye kinanda.

Ndipo kichaguliwe kinanda katika programu, pamoja na chaneli, moja kati ya 16, ile ile pande zote mbili. Sauti yenyewe, kwa vinanda vingi, hurudi kwa waya wa pili, nao husahauliwa mno. Noti ikisikika maradufu, huenda kinanda kinaamriwa na kidole na programu pamoja. Vibonyezo vitenganishwe na sauti ya ndani.