Kunukuu Bila Kufuta: Matumizi ya Git katika Kuhifadhi Ngano za Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi hukumbana na mabadiliko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya fanani, ambaye huisimulia ngano ile ile leo kwa namna hii na kesho kwa namna nyingine. Ya pili ni ya mtafiti mwenyewe, ambaye huandika, hufuta na husahihisha anaponukuu alichokisikia. Aina ya kwanza imejadiliwa kwa mapana. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba kila utendaji ni utungo unaojitegemea, wala si nakala ya utungo mwingine. Aina ya pili hujadiliwa kwa nadra, ilhali hutokea kila tunapobonyeza kitufe cha kuhifadhi faili.

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya Git inavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa Kiswahili kuweka kumbukumbu za mabadiliko hayo ya pili. Hoja yetu ni kwamba kumbukumbu hizo ni sehemu ya uaminifu wa mtafiti kwa fanani wake.

2.0 Tatizo la Matini Isiyo na Historia

Mwandishi wa makala haya aliijua thamani ya jambo hili kwa hasara. Katika boma moja karibu na Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, magokoro mmoja, yaani nyanya, alinisimulia ngano ya msichana na zimwi. Unukuzi wangu wa kwanza ulibeba kila kitu: takriri, tanakali za sauti, vicheko vya wajukuu, na maneno ya Kiswahili aliyoyachanganya na Ekegusii bila kujitambua. Baadaye, kwa kutaka ngano iwe "safi", niliondoa takriri, nikaweka maneno ya Ekegusii mahali pa yale ya Kiswahili, kisha nikahifadhi kazi hiyo kwa jina lile lile la faili. Unukuzi wa kwanza ukafutika. Si muda mrefu baadaye, kadi ya kinasa sauti nayo ikaharibika.

Msimamizi wangu aliposoma sura ya tatu, aliuliza swali moja: yawezekanaje fanani anayeishi kando ya mji wa soko asitamke neno hata moja la Kiswahili? Sikuwa na jibu. Niliporudi bomani kuomba nisimuliwe tena, nilikuta tayari amezikwa. Nilichobaki nacho ilikuwa ngano yangu, si yake. Zaidi ya hayo, mimi mwanafunzi wa Kiswahili ndiye niliyekifuta Kiswahili kinywani mwake.

Wahakiki wa ushairi wa pwani wanalifahamu tatizo hili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikusanywa na kufafanuliwa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kisha zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Tungo zinapopitia mikono kadhaa, msomaji ana haki ya kuuliza ni mkono upi uliotia neno lipi. Swali hilo ndilo Git hulijibu.

3.0 Git ni Nini?

Git ilibuniwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005 kwa ajili ya mradi wa Linux, ambao msimbo wake huhaririwa na watu wengi walio mbali mbali. Programu hii haina malipo. Aidha, haihitaji mtandao ili kuweka kumbukumbu, jambo linalomfaa mtafiti aliye kijijini. Hutumiwa kupitia dirisha la amri, ambapo mtumiaji huandika amri badala ya kubofya picha.

4.0 Hatua za Kufuata

Kwanza, jitambulishe mara moja tu, ili kila badiliko libebe jina la aliyelifanya:

git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "anwani yako"

Pili, ingia katika folda ya utafiti wako na uifanye iwe hazina ya kumbukumbu:

git init

Andika ngano zako katika faili za matini tupu. Faili za Word huhifadhiwa pia, lakini Git haiwezi kukuonyesha kwa urahisi neno lililobadilika ndani yake. Tena, kila sentensi na iwe katika mstari wake, kwa sababu Git hulinganisha mstari kwa mstari.

Tatu, teua faili, kisha uweke kumbukumbu:

git add ngano01.txt
git commit -m "Unukuzi wa kwanza, haujasahihishwa"

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini amri ni mbili. Mkulima wa chai wa Nyamira angeelewa upesi: majani yaliyo kikapuni bado anaweza kuyachambua, lakini yakishapimwa na karani kituoni, yameandikwa. Amri ya add hutia kikapuni. Commit hupima na kuandika.

Nne, baada ya kusahihisha na kabla ya kuteua tena, jikague:

git diff

Mistari iliyoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na iliyoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Orodha ya kumbukumbu zote, pamoja na tarehe na majina, hupatikana kwa git log. Kila kumbukumbu ina kitambulisho chake, na kwa kawaida herufi saba za mwanzo hutosha kuitaja. Ili kusoma faili ilivyokuwa zamani bila kuigusa ya sasa, andika mfano huu:

git show a1b2c3d:ngano01.txt

Ujumbe unaoambatana na kumbukumbu unastahili kuandikwa kwa makini. Ujumbe kama "Marekebisho" haumsaidii yeyote. Ekegusii, kwa mfano, kina irabu saba, ingawa kwa kawaida huandikwa kwa herufi tano za irabu. Mtafiti akiamua kuzitofautisha, aandike: "Nimetofautisha e mbili kwa alama ɛ, maneno hayajabadilika." Mhakiki atakayefuata ataelewa kilichofanyika na sababu yake.

5.0 Mipaka na Tahadhari

Kwanza, Git isitumiwe kuchanganya aina mbili za mabadiliko tulizozitaja. Fanani wa Tabaka akisimulia ngano iliyosimuliwa pia Manga, au magokoro yule yule akiisimulia mara ya pili, hilo si sahihisho la usimulizi wa kwanza. Ni utungo mwingine, nao uwekwe katika faili yake. Marekebisho ya mtafiti peke yake ndiyo yawe kumbukumbu za faili moja.

Pili, Git haisahau kwa urahisi. Jina la fanani likishawekwa kumbukumbu, kulifuta katika faili hakulifuti katika historia. Kwa hiyo, wafanani wapewe nambari tangu siku ya kwanza, hasa kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Tatu, historia iliyo katika tarakilishi moja hupotea tarakilishi hiyo ikiibwa. Folda nzima, pamoja na folda iliyofichwa ya .git, inakiliwe kwenye flashi. Sauti na video, kwa ukubwa wake, zihifadhiwe kando, katika nakala zisizopungua mbili.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba amri chache zinatosha kumwezesha mtafiti kubainisha alichokisema fanani na alichokifanya yeye. Git haimzuii mtafiti kusahihisha. Humzuia kusahihisha kwa siri, hata dhidi yake mwenyewe. Ngano ya yule magokoro haitarudi. Hata hivyo, kila ngano niliyoinukuu baada yake ina kumbukumbu ya kwanza yenye takriri zake zote, vicheko vyake vyote na Kiswahili chake chote. Ndiyo ninayoisoma kwanza kabla ya kuandika uchambuzi.