Folda yako ya siri haionekani kwenye kompyuta? Soma hapa kabla hujabonyeza kitu

Leo tunaongelea nyaraka zile tunazoziweka mtandaoni halafu tunazisahau mpaka siku zinapotakiwa haraka.

Juzi kati hapa Chikongola mama mmoja mwenye duka la vitenge alikuja na laptop yake, uso umemshuka. Hata shikamoo yangu aliitikia nusu. "Mwanangu, folda yangu ya siri imeibiwa." Ndani aliweka mkataba wa fremu, cheti cha TIN na picha ya kitambulisho cha NIDA. Mwenye fremu alikuwa anataka kupandisha kodi wakati mkataba bado una miezi saba, na nakala ya karatasi ilishalowa mvua mpaka haisomeki. Nikamwuliza, "Mama, hii kompyuta ilikwenda kwa fundi lini?" Akasema wiki iliyopita, ilikuwa nzito, fundi akapiga Windows upya.

Hapo nikapata matumaini.

Folda anayoisema inaitwa Personal Vault. Ni chumba chenye kufuli ndani ya OneDrive ya Microsoft, kilianza kutolewa mwaka 2019. Sasa elewa kitu kimoja: vitu vyako vinatunzwa kwenye akaunti yako kule mtandaoni, na kompyuta ni mlango tu wa kuingilia. Fundi akipiga Windows upya ameng'oa mlango. Chumba kipo.

Kwa hiyo usianze kuhangaika na kompyuta. Fungua kivinjari, Chrome au chochote ulichonacho, nenda onedrive.com, ingia kwa barua pepe uliyotumia siku ile ya kwanza. Hata kwa simu inawezekana. Ukiiona Personal Vault pale na ikafunguka, pumua, shida iko kwenye kompyuta peke yake. Mama tulimfungulia hivyo hivyo, na mkataba ulikuwepo.

Kwa nini kwenye laptop haukuonekana? Angalia chini kulia karibu na saa, kuna alama ya wingu. Likiwa la kijivu lina mstari, maana yake hujaingia kabisa. Likiwa halina mstari, libonyeze, ingia kwenye setingi, sehemu ya akaunti, usome ni barua pepe ya nani. Ya mama ilikuwa barua pepe ambayo hajawahi kuiona maisha yake! Fundi alifungua akaunti mpya ili Windows ikubali kuwaka, hakumwambia. Tukabonyeza "Unlink this PC" (hiyo haifuti vitu vilivyoko mtandaoni), tukaingia kwa akaunti yake, kodi ya uhakiki ikaja kwa simu, folda ikarudi. Siku nyingine ukipeleka mashine kwa fundi, mwandikie barua pepe yako kwenye karatasi. Nywila baki nayo mwenyewe, uje uiandike kwa mkono wako.

Kama akaunti ni sahihi na bado huioni, bonyeza lile wingu, halafu alama ya gia, utafute "Unlock Personal Vault". Folda hii hujifunga yenyewe ukiiacha dakika 20 bila kuigusa, na ikijifunga, ukitafuta faili kwa jina haitakuja. Wengi wanadhani imefutika kumbe imelala. Pia akaunti za kazini au shuleni hazina folda hii, ni za binafsi tu. Na wenye kompyuta za Apple, nyie ingieni kwa kivinjari.

Kuna mkanganyiko mwingine naukuta sana. Mtu anasema "niliweka kwenye folda ya siri" kumbe aliweka kwenye Secure Folder ya Samsung, au ile Safe folder ya programu ya Files by Google. Hizo zinakaa ndani ya simu. Hata ufanye nini hutaziona kwenye kompyuta, na simu ikiibiwa stendi, zimeondoka nayo. Kwa hiyo jiulize kwanza uliweka wapi, ndiyo uanze kutafuta.

Sasa la hatari, na hapa naomba usiruke. Kwenye setingi za OneDrive kuna sehemu ya kuzima Personal Vault, imeandikwa "Disable". Kuna mafundi wanashauri "izime uiwashe tena." Usithubutu! Ukiizima, kila kilichomo kinafutwa moja kwa moja. Kama lazima uizime, toa faili zote kwanza uzihamishie folda ya kawaida. Ila kama ulifuta faili moja moja kwa bahati mbaya, nenda kwenye pipa la taka la OneDrive mtandaoni, kuna siku 30. Ukiona tupu, bonyeza "Show Personal Vault items", maana vilivyofutwa kutoka chumba kile navyo vinafichwa.

Jambo la laini ya simu. Kodi ya kufungulia mara nyingi inakuja kwa SMS. Ukibadilisha namba bila kuibadilisha kwenye akaunti, umejifungia nje. Ukipoteza namba na barua pepe ya akiba vyote viwili, Microsoft wanakusubirisha siku 30 baada ya kuweka mpya, na mwenye fremu hatasubiri siku 30. Kama laini imepotea, irudishe namba ileile kwa wakala, kitambulisho mkononi. Weka na barua pepe ya pili leo, ni dakika tano.

Kwa wanaotumia ya bure: Personal Vault inakubali faili 3 tu. Usikate tamaa, nenda steshenari waunganishe leseni, TIN na mkataba kuwa PDF moja. Hiyo inahesabika faili moja.

Na karatasi bado inatakiwa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikasumbua nchi nzima, na ukiwa na shida siku kama hiyo wingu halikusaidii. Mama alichapisha nakala mbili palepale. Moja akaiweka kwenye mfuko wa nailoni nyumbani kwake, nyingine akaondoka nayo kwa mwenye fremu jioni ileile, kile kipengele cha kodi amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu.