Nyekundu Ikianza Kupauka

Wadogo zangu wa Kitale na Bungoma, leo namtafuta yule mwenye goita, au aliyeambiwa hospitalini kwamba tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, unakula lakini unakonda, na sasa macho yametoka. Majirani wananong'ona kwamba umerogwa. Waache wanong'one. Hofu yangu iko nyuma ya jicho, mahali wasipopaona.

Kinga ya mwili imekugeukia. Inaishambulia tezi, na kwa baadhi ya watu inaivimbisha hata misuli inayozungusha jicho. Misuli hiyo imezingirwa na mfupa, haina pa kufutukia. Kule nyuma kabisa, penye wembamba, ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, nao hubanwa. Wanaofikia hapo ni wachache, kama 5 katika kila 100 wenye macho ya tezi, lakini anayecheleweshwa anaweza kupofuka. Wala usijipime kwa kioo tu: jicho lililotoka sana limejipatia nafasi, na lile lisilotoka ndilo wakati mwingine hubanwa zaidi.

Siku ya soko, uwe Chwele au Kitale mjini, shika nyanya iliyoiva. Ziba jicho moja uitazame, kisha ziba la pili. Wekundu ukipauka upande mmoja, au rangi zikififia kote kote, au ukungu ukiingia, usikimbilie kununua miwani. Usingoje tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Siku hiyo hiyo nenda hospitali ya kaunti, useme wazi: "Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, na rangi zinanipotea." Omba rufaa ya haraka kwa daktari wa macho, Hospitali ya Moi kule Eldoret, au Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga. Kwa kawaida madaktari huanza na steroidi kali za kudungwa mshipani. Kuona kusiporudi katika wiki moja au mbili, hupasua ili kupanua nafasi nyuma ya jicho. Dawa za tezi usiziache bila daktari.

Mwenye kisukari awe macho zaidi. Na sigara, mdogo wangu, izime leo, maana inauchochea ugonjwa huu na kudhoofisha matibabu yake. Kama anayevuta ni mume, mwombe akavutie nje.